Mpaka wa Mji Ukifika Shambani: Yaliyotokea Kitengela

Wakulima huja katika ofisi zetu za kilimo kuuliza juu ya mbegu, kupe, dawa ya kuogesha ng'ombe na bei ya maziwa. Siku hizi liko swali jingine ambalo huja pamoja na hayo, na mara nyingi muulizaji hulitoa akiwa amekwisha kusimama ili aende zake: "Nimeona bikoni mpya karibu na ua wangu. Je, kaunti yaweza kulifanya shamba langu kuwa mji bila kuniuliza?"

Jibu ni kwamba kaunti hairuhusiwi kufanya hivyo kwa siri. Lakini yaweza kufanya jambo hilo waziwazi, na wewe usijue, kwa sababu tangazo lilibandikwa juu ya ukuta usioupita, au lilichapwa katika gazeti usilolinunua. Kwa hiyo yafaa mkulima ajue ni nani anayeamua nini, na aamua siku gani. Nitaeleza mambo hayo kwa mfano wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kwa maana huko mji ulifika upesi kuliko mahali pengi pa Kenya, na walioukuta walikuwa wafugaji wenye ardhi yao wenyewe. Ninyi mlio katika maskimu msidhani haya ni mambo ya Wamaasai tu. Ol Kalou ilikuwa nchi ya maskimu, na leo ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Nyandarua.

Kitengela iko umbali wa kilometa 30 hivi kusini ya Nairobi, kwenye barabara kuu iendayo Namanga. Wazee bado hukiita kituo kile kwa jina la Noonkopir. Upande wa kaskazini kuna Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946. Mbuga hiyo ina ua pande tatu, lakini upande wa kusini iliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua kwenda kulisha katika nyanda za Kaputiei na kurudi wakati wa kiangazi. Nyanda hizo ndizo malisho ya ng'ombe, kondoo na mbuzi wa wenyeji. Mwaka 1968 Serikali ilipitisha sheria ya ranchi za kikundi, na ardhi ikaandikishwa kwa jina la watu wengi pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa sehemu yake na hati yake.

Sababu za kugawa zilikuwa nzuri. Mtu alitaka kuwa na hati mkononi, aweze kukopa benki, aweze kuwarithisha watoto, na asije akaamka siku moja na kuambiwa kwamba wakubwa wa kamati wameuza. Hakuna wa kumlaumu kwa hayo. Lakini ng'ombe hajui hati. Katika nchi yenye mvua chache, malisho ya mwaka huu yako mashariki na ya mwaka ujao yako magharibi, na mfugaji huishi kwa kuhama. Ardhi ilipokatwa vipande, hata mwenye kipande kikubwa alijikuta amefungiwa mahali pamoja.

Kisha wanunuzi wakaja. Eneo la viwanda vya kuuza nje lilianzishwa Athi River kwa sheria ya mwaka 1990, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji pahali pa kulala. Watu wa Nairobi nao wakatafuta ploti za bei nafuu. Sasa tufanye hesabu ndogo, kama tulivyokuwa tukiwafanyisha watoto shuleni. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ukitoa njia, ekari moja hutoa ploti 8. Basi mzee akiuza ekari 5 tu, majirani wapya wanaweza kuwa 40, na kila mmoja ana ua wake, mbwa wake na choo chake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 katika mji wa Kitengela. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na miaka 10 baadaye wakawa 1,117,840.

Ua ndio ulioleta taabu kwanza, kabla ya nyumba. Mtu akinunua ploti huweka waya siku ile ile, hata kama hatajenga kwa miaka kumi. Ua mmoja hauzuii kitu, lakini ua mia hufunga njia ya kwenda mtoni. Mapema katika miaka ya 2000 wenyeji, wakisaidiwa na watafiti, walipita shamba kwa shamba wakizipima nyua zote na kuzichora katika ramani. Kazi hiyo ilikuwa ya maana sana. Kabla ya hapo kila mtu aliona ua wa jirani yake tu. Ramani ilipoonyeshwa watu wakaona nchi nzima jinsi ilivyofungwa.

Ukame wa 2005 na 2006 ukaonyesha hatari yake. Makundi ya ng'ombe kutoka wilaya nyingine yaliingia Kitengela kutafuta majani, malisho yakaisha mbele ya wenye nchi, na ng'ombe wengi sana wakafa, wa wageni na wa wenyeji. Nyumbu nao, waliokuwa maelfu mengi katika miaka ya 1970, wamebaki wachache tu.

Wenyeji hawakukaa kimya. Waliunda chama chao cha wenye ardhi, Kitengela Ilparakuo. Kuanzia mwaka 2000 wahisani wa hifadhi walianza kuwalipa wenye ardhi waliokubali kutoweka ua, kutouza na kutolima: shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, zikilipwa mara tatu, wakati shule zinapofunguliwa. Mwenye ekari 100 alipata shilingi 30,000 kwa mwaka na bado ng'ombe wake wakalisha pale pale. Mtu atasema fedha hizo ni kidogo mbele ya bei ya ploti, na ni kweli. Lakini bei ya ploti hulipwa mara moja, na karo ya shule huja kila muhula.

Tena, kabla kaunti hazijaanza mwaka 2013, Halmashauri ya Olkejuado pamoja na wenye ardhi walitengeneza mpango wa matumizi ya ardhi kwa Kitengela, Isinya na Kipeto. Mpango huo ulionyesha pahali pa mji, pahali pa kilimo na pahali pa malisho, na wapi ardhi isikatwe vipande vidogo. Ulikuwa mpango wa kwanza wa namna yake katika nchi ya wafugaji wetu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha busara zaidi katika habari yote hii. Lakini mpango ni karatasi, na karatasi yahitaji watu wa kuuliza kila siku kama inafuatwa.

Sasa tuje kwenye maamuzi yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba serikali ni mbili, na kila moja ina kazi yake. Chifu na naibu wake ni watu wa Serikali ya Taifa. Msajili wa ardhi ni wa Taifa. Shirika la Wanyamapori ni la Taifa. Upande wa kaunti uko mpango wa mji, ruhusa ya kujenga, barabara za mitaa, maji, taka, masoko ya mifugo, machinjio, na kilimo chenyewe. Mambo haya yamo katika Katiba ya mwaka 2010. Basi ukimlalamikia chifu juu ya taka za soko, atakusikiliza kwa adabu, lakini hana gari la taka. Na ukisikia jambo likitajwa katika baraza la chifu usidhani kwamba kaunti imekwisha kukuuliza. Mkutano wa kaunti wa kusikiliza wananchi ni mwingine, na huwa na tangazo lake na daftari lake la waliohudhuria.

Sasa fikiria kwamba jirani yako anataka kukata shamba lake la ekari 20 na kuuza ploti. Hana budi kupita milango miwili.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Ardhi, ambayo wakulima huiita "bodi" tu. Bodi hii ipo kwa sheria ya mwaka 1967. Ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa, kugawanywa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ruhusa ya bodi, na ombi lapasa kupelekwa katika miezi sita tangu mapatano. Ruhusa isipopatikana mapatano yale huwa bure, na mnunuzi anaweza kudai fedha zake tu. Bodi zetu zimezoea kutaka kumwona mke wa mwenye shamba, na hiyo ni desturi njema. Nimeona mama akisimama mbele ya bodi na kusema, "Mimi sikuambiwa," na jambo likaisha pale pale. Isitoshe, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa isiuzwe bila ruhusa ya mume na mke wote wawili.

Mlango wa pili ni kaunti. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, kukata ardhi na kubadili matumizi yake kutoka kilimo kuwa makazi au biashara kunahitaji ruhusa ya kaunti. Mwombaji hulazimika kuwatangazia watu. Ukiona kibao kimesimamishwa kando ya shamba chenye maneno ya kubadili matumizi, simama ukisome. Kama hujui kusoma maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa hapo, mwite mtoto wa shule. Andika namba ya shamba iliyotajwa na tarehe. Kama una neno la kupinga, au la kutaka njia ya ng'ombe iachwe, liandike na kulipeleka kwa ofisi ya mipango ya kaunti katika siku zilizotajwa. Kama kaunti ikikata shauri na wewe hukuridhika, una siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti ya rufani za mipango. Baada ya kamati hiyo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 si nyingi. Mkulima aliyengoja mpaka amalize kuvuna mara nyingi hukuta zimepita.

Kwa kiwanda, machimbo au machinjio, uko mlango wa tatu, nao ni Mamlaka ya Mazingira ya Taifa, iliyowekwa kwa sheria ya 1999. Kabla ya kazi kubwa kuanza, lazima taarifa ya madhara yake itengenezwe, itangazwe, na watu wapewe nafasi ya kutoa maoni. Wakati wa hapo usiseme "hatutaki" tu. Sema: mto uko hatua kadhaa kutoka hapo, ng'ombe kadha wa kadha hunywa maji hapo, upepo huvuma kutoka upande fulani. Maneno ya namna hii ofisa huyaandika.

Sasa lipo jambo moja ambalo wakulima wengi hawalijui kabisa, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote niliyotaja. Ile sheria ya Bodi ya Ardhi hulinda ardhi ya kilimo. Na kwa tafsiri ya sheria hiyo, ardhi iliyo ndani ya manispaa, mji au soko si ardhi ya kilimo, ila Waziri akitangaza vingine. Maana yake ni kwamba mpaka wa mji ukisogezwa ukalimeza shamba lako, mlango wa bodi waweza kufungwa. Wewe utaamka asubuhi, mahindi yako yako pale pale na ng'ombe wako katika boma lile lile, lakini mwanao mwenye jina katika hati aweza kuuza bila kusimama mbele ya wazee wa bodi. Ulinzi wa mke na mume kwa sheria ya 2013 unabaki, lakini ule wa bodi umeondoka.

Na yako mengine yafuatayo mpaka huo. Katiba imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi. Hati nyingi za maskimu ni za milki kamili, ambazo hazina pango la kulipa Serikali, na kwa hiyo wakulima wengi hudhani hawatalipa chochote milele. Sivyo. Kodi ya ardhi ya kaunti ni kitu kingine. Thamani ya kila shamba huandikwa katika daftari la uthamini, na daftari hilo huwekwa wazi watu walitazame. Shamba la mahindi likithaminiwa kama ploti za nyumba, kodi yake haitalipwa na mahindi. Mwenye shamba ana haki ya kulitazama daftari na kupinga thamani katika muda uliotangazwa. Muda ukipita, thamani imesimama. Tena mji waweza kuweka sheria ndogo juu ya kufuga wanyama: ng'ombe wangapi, wapi, na faini ya wanaozurura barabarani.

Kwa hiyo jambo la kuuliza mkutanoni ni hili: mpaka unapita wapi? Sheria ya miji ya mwaka 2011, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2019, inaruhusu mahali penye watu 50,000 kuwa manispaa, na penye 10,000 kuwa mji. Kwa idadi hiyo pako pengi katika Kenya panapoweza kupandishwa daraja. Kupandishwa kuna faida. Barabara, taa, mifereji ya maji machafu na bodi ya kusimamia mji huja kwa njia hiyo, na mtu mwenye duka Kitengela atakuambia kwamba mji ulichelewa kuvipata. Mimi sisemi mkatae mji. Nasema mtake kuona ramani, mtake mtu aelekeze kidole pale ulipo mto, shule na shamba lako, na mtake jambo hilo liandikwe katika daftari la mkutano.

Wale walionunua ploti nao wana malalamiko yao, na si haki kuwadharau. Mtu amejenga nyumba kwa mkopo wa miaka ishirini, na maji hayapo. Mji ule kwa miaka mingi umetegemea visima virefu na bomba litokalo Nol-Turesh, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambalo lina watu wengi njiani kabla ya kufika. Kila mwenye nyumba akichimba kisima chake bila kibali cha mamlaka ya maji, maji ya chini hushuka, na kisima cha jirani mwenye ng'ombe hukauka kwanza kwa kuwa ni kifupi. Taka hutupwa kondeni, na mifuko na kamba huliwa na ng'ombe. Mfugaji huona ng'ombe amekonda bila ugonjwa, na akichinjwa tumbo limejaa uchafu huo. Mwenye ploti naye hulalamika juu ya kondoo waliokula maua yake na harufu ya boma. Nimeona kwamba watu hawa wawili wakienda kwa kaunti kila mmoja peke yake, ofisa huwajibu kila mmoja kwa kumtupia lawama mwenzake. Wakienda pamoja na kudai pahali pamoja pa kutupa taka, na njia moja pana ya ng'ombe kwenda mnadani na mtoni, ni vigumu kuwarudisha mikono mitupu.

Juu ya wanyama wa mwitu nitasema kidogo tu. Watu wa nje walisikia jina la Kitengela mwezi Juni 2012, simba sita walipouawa kwa mikuki baada ya kuingia katika maboma na kuua mbuzi. Tangu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, mfugaji aliyeuliwa mifugo aweza kudai fidia kwa thamani ya sokoni, na kila kaunti ina kamati ya kupokea madai. Fidia huchelewa. Hata hivyo, dai lisiloandikwa halitalipwa kamwe, basi ita ofisa siku ile ile kabla mzoga haujaondolewa. Taa za kumetameta usiku kuzunguka boma, ambazo kijana wa huko Kitengela alizitengeneza na kusifiwa duniani, zimewasaidia wafugaji wengi.

Tuje kwenye fedha. Mkulima husema, "Tuliomba josho na barabara, hatukupata." Ukimwuliza aliomba lini, atasema alipomwona mwakilishi wa wadi kwenye mazishi. Mazishini si pahali pa kuomba josho. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya siku hiyo karatasi zake hupita katika safari ndefu, ambayo kila hatua ina tarehe yake kwa sheria ya fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya fedha kutumika. Karatasi ya kugawa fedha kwa idara hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Basi josho ambalo halikutajwa katika mpango wa Septemba, mwezi wa Mei huwa ni vigumu mno kuliingiza. Wakati huo watu wanapunguza, hawaongezi. Juu ya hayo yote uko mpango mkubwa wa miaka mitano. Uulize kama wadi yenu imetajwa humo, na kwa maneno gani.

Yako pia mambo ya kutozwa. Ada za mnadani, ushuru wa mazao, leseni za biashara, zote huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti ambayo hupitishwa kila mwaka. Katiba inasema kodi isitozwe ila kwa sheria. Kwa hiyo mtu akikutoza shilingi kwa kila mbuzi getini mwa mnada, una haki ya kupewa risiti na kuuliza kiasi kile kimeandikwa wapi. Na sheria yenyewe haipiti hivi hivi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ile ilifunguliwa na raia wa kawaida. Tangu hapo makarani wa mabunge ya kaunti wamekuwa waangalifu zaidi, maana wanajua kwamba mkutano usiotangazwa vizuri waweza kubomoa sheria yote.

Wengine huuliza: je, nikienda mkutanoni nitasikilizwa? Siwezi kukuahidi hivyo. Mikutano mingi huitwa kwa siku mbili tu, katika ukumbi ulio mbali, siku ya mnada. Wakazi wa Kitengela walio na shughuli Kajiado mjini, ambako Bunge la Kaunti lipo, wana safari ya kilometa 50 hivi kwenda na nyingine kurudi. Maofisa nao huleta kitabu kinene cha Kiingereza na kukisoma upesi. Haya ni makosa, na yafaa kuyasema kwa adabu bila kuogopa. Mwambie ofisa atafsiri kwa Kiswahili au Kimaasai. Mwambie aeleze kwa wadi moja moja. Kaunti ya Kajiado ina wadi 25, na mkazi wa Kaputiei Kaskazini hana haja ya kukaa saa tatu akisikiliza mambo ya Loitokitok kabla hajafikiwa. Njia nzuri ni kuwatuma watu wanne au watano wanaojua jambo, mmoja wao mwanamke anayeteka maji na mmoja kijana anayechunga, na kuwachangia nauli. Umati wa watu hamsini waliokuja kwa ajili ya soda haumshtui ofisa yeyote.

Kama mkutano haukutosha, iko barua. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa Bunge la Kaunti, na inawalazimisha wenye mamlaka kuyajibu maombi ya wananchi. Si lazima awe wakili. Mimi ni karani, nimeona maombi mengi yakirudishwa, na karibu kila mara sababu ni moja: mwandishi ameeleza hasira yake kwa kurasa nne, na hakusema anataka nini. Ombi zuri laweza kuandikwa hivi:

"Sisi wakazi wa kijiji fulani, wadi fulani, tunaomba Bunge lizuie kufungwa kwa njia ya ng'ombe iendayo mtoni, ambayo inapita katika mashamba namba hizi na hizi. Njia hii ilitumika tangu kabla ya kugawa ranchi. Tarehe fulani tulimwandikia ofisa wa mipango, nakala tunayo, hatukujibiwa. Tunaomba Bunge litume kamati ije kuitazama, na njia ichorwe katika ramani ya kaunti kwa upana wake."

Chini yake ziwe sahihi, majina na namba za vitambulisho. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Wasiweke majina ya watu ambao hawakuwapo, kwa maana jina moja la uongo huharibu yote.

Kwa wale wa maskimu kuna neno moja la ziada. Kama deni la shamba lako kwa mfuko wa makazi halijalipwa lote, hati yako bado ina kifungo. Wako mabroka wanaotembea vijijini wakisema mji unakuja na kwamba ni heri kuuza sasa, wao watalipa deni hilo. Mtu wa namna hiyo akifika, usitie sahihi karatasi yoyote barazani pako. Chukua namba ya shamba lako, nenda kwa msajili wa ardhi, lipa ada, na uombe kutazama daftari ujue kilichoandikwa juu ya shamba lako, na kama jina ni lako. Kisha nenda kwa ofisi ya mipango ya kaunti, uombe kuona ramani ya mpaka wa mji unaosemwa. Mara nyingi, ukifika huko, utakuta hakuna ramani yoyote ya namna hiyo iliyotolewa. Na kama ipo, utaona tarehe ya mwisho ya kutoa maoni imeandikwa chini yake, upande wa kulia au nyuma ya karatasi.

Barua yako ya maoni iandike nakala mbili. Moja wape, na ya pili itiwe muhuri wa ofisi wenye tarehe, kisha rudi nayo nyumbani uiweke pamoja na hati ya shamba.